Alamu ya Saa Tatu Kasorobo

Shemeji alikuja kutoka Dodoma na chupa ya mvinyo mweupe mkavu, zabibu za Chenin Blanc, akanikabidhi kama anakabidhi kichanga. "Nyuzi 8 hadi 10, shemeji. Ukizidi baridi hausikii harufu. Ukiwa na joto, uchachu wake wote unalala."

Dawa yake naijua: ndoo, barafu nusu, maji nusu, konzi ya chumvi, dakika 20 umeiva, maana maji hunyonya joto upesi kuliko hewa. Sasa barafu ilikuwa hakuna. Nikailaza chupa kwenye friza, juu ya samaki changu wawili, saa mbili kasorobo usiku. Friza yangu ni nyuzi 18 chini ya sifuri, na chupa iliyotoka kwenye joto la Dar huhitaji kama saa nzima. Nikatega alamu ya saa tatu kasorobo.

Kichwa kikasema: saa mbili na dakika arobaini na tano. Vidole vikaandika 02:45 kwenye simu.

Saa tatu na robo shemeji akaanza kukohoa kikohozi cha maana. "Vuta subira," nikamwambia, "alamu haijalia. Hii kazi ni ya vipimo." Tukala pilau kwa maji ya bomba. Saa tano akaaga.

Alamu ililia saa tisa kasorobo, usiku wa manane. Mvinyo huanza kuganda nyuzi 5 au 6 chini ya sifuri. Maji yake yakigeuka barafu hutanuka, na shingoni nafasi ni finyu. Kizibo nilikikuta kwenye mbaazi. Changu walikuwa wamevaa theluji yenye harufu ya limau. Kilichobaki kilipoyeyuka kikaacha punje zinazometa, mke wangu akapiga yowe: "Vioo!" Havikuwa vioo. Ni asidi ya zabibu iliyoshikana na potasiamu ikaganda kwa baridi. Haidhuru, ila ndiyo ukali wenyewe umetoka huo, ukaacha kinywaji kimepooza.

Asubuhi nikampigia shemeji kujitetea. Nikamweleza kwamba zamani kila mji Uingereza ulifuata jua lake, Bristol ikiwa nyuma ya London kwa dakika 10, hadi reli zilipolazimisha miji yote ifuate saa ya London, kuanzia 1840. Nikamweleza Sandford Fleming, mhandisi wa reli za Kanada, aliyekosa treni Ireland mwaka 1876 kwa sababu ratiba iliandika jioni badala ya asubuhi. Akapigania saa ya kuhesabu hadi 24 na majira ya dunia nzima, na 1884 wajumbe wa mataifa wakakutana Washington wakachagua Greenwich, kule London, iwe mstari wa kuanzia kuhesabu.

"Kwa hiyo kosa ni la treni," akasema.

Nikamkaribisha aje kula wale changu, walikuwa wamelowa mvinyo wote. Chakula saa saba.

Kimya kidogo. "Saa saba ya jua, au ya simu yako?"