Kabla hujalipia nyumba, funua karo la choo

Dada yangu alinipigia simu Jumapili alfajiri akilia. Maji meusi yalikuwa yanapanda kwenye tundu la bafuni, watoto wamelala. Mvua za masika zilikuwa zimenyesha siku mbili mfululizo. Nyumba hiyo ya Tabata ameinunua miezi mitano tu iliyopita, kwa akiba ya miaka 12 na mkopo ambao bado anakatwa kwenye mshahara.

Siku ya kuiangalia tulikuwa wote. Tuligonga kuta, tukafungua mabomba, tukawasha kila taa. Hati tuliifuatilia mpaka ofisi ya ardhi. Dada alishaupenda mwembe wa uani. Karibu na mwembe kulikuwa na zege jipya, na dalali akasema: "Karo liko hapo, mama, limenyonywa juzi tu, halina shida." Tukamshukuru. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu karo lililotoka kunyonywa haliwezi kukuonyesha ugonjwa wake.

Karo zima halikai tupu. Hujaa mpaka usawa wa bomba la kutokea: tope linatua chini, mafuta yanaelea juu, na maji ya katikati yanapita kwenda shimo la pili, yakazame ardhini. Fundi anayejua kazi akifunua mfuniko anatazama usawa huo kwanza. Maji yakizidi bomba la kutokea, ama bomba limeziba ama shimo la pili limeshindwa kunyonya. Yakiwa chini sana na nyumba ina watu, karo linavuja, na jirani mwenye kisima yuko hatarini. Hata ukuta unasema: mstari mweusi juu ya bomba ni alama ya siku maji yalipopanda. Gari la majitaka likishapita, usawa huo haupo tena wa kuusoma.

Kwa hiyo mwambie muuzaji mapema: karo lisiguswe mpaka fundi wangu alione. Kama limeshanyonywa, subiri. Watu sita wanaotumia lita 80 kila mmoja kwa siku hujaza karo la lita 5,000 kwa siku kumi na kidogo. Rudi baada ya wiki mbili. Muuzaji akikataa, baki na hela yako. Na fundi asiingie ndani hata karo likionekana tupu. Hewa ya mle inaua.

Nakubali, fundi atataka hela, na wapo wanaochungulia tu kisha wakasema liko sawa. Bado ni nafuu kuliko kinachomkuta dada.

Tulipovunja lile zege tulikuta karo la chumba kimoja, na shimo la pili limejaa tope mpaka juu. Udongo wa pale ni wa mfinyanzi, haunyonyi maji upesi. Jirani mmoja, mama mtu mzima, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba mwenye nyumba wa zamani alikuwa anatapisha kila masika. Mvua ikianza kupiga bati, anafungulia uchafu kwenye mtaro. Mtaro huohuo watoto wa mtaa wanauruka kwenda shule. Mwaka 2015 kipindupindu kiliingia Dar es Salaam na kikaua watu, na sisi tunaendelea kuuziana nyumba za namna hii, mtu akipewa funguo anapewa na kinyesi cha miaka yote kilichofichwa chini ya zege. Huu ni udanganyifu. Mjumbe anayeshuhudia mauziano angeuliza karo lilikaguliwa na nani, kama anavyouliza hati.

Dada na wanawe watatu wanalala kwangu. Jumamosi mafundi wanaanza kuchimba shimo jipya. Uani hakuna nafasi nyingine, kwa hiyo mwembe utakatwa.