Takrima si neno la wanasiasa

Mwandishi mmoja wa gazeti anasema takrima, yaani kumkirimu mgeni, ni "neno la wanasiasa". La, ndugu yangu. Limetoka Kiarabu, mzizi k-r-m, ule ule uliotupa karimu, karama, kukirimu na hiyo karamu yenyewe. Huku Mombasa mgeni akiwekewa sinia la biriani kisha akarushiwa marashi, twasema amekirimiwa, na hakuna amdaiye kura! Doa la neno hili lilitoka Tanzania: mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu takrima za wagombea kwa wapiga kura, hadi Mahakama Kuu ilipovifuta vifungu hivyo 2006 kwa kukiuka katiba. Pilau ya kampeni nyinyi waandishi iandikeni hongo tu.