Baba Mdogo Hayumo Kwenye Fomu

Wiki iliyopita mwenzetu ofisini alifiwa na baba yake mdogo huko Songea. Akaomba ruhusa akazike. Meneja wetu, mgeni kutoka Ulaya na mtu mwenye nia njema kabisa, akauliza: "Huyo ni ndugu wa karibu?" Afisa rasilimali watu, Mtanzania mwenzetu, hakumpa mtu nafasi ya kujibu. Akatoa fomu. Mzazi, mwenza, mtoto, babu na bibi, mjukuu, kaka na dada. Baba mdogo hayumo. Achukue siku zake za likizo ya mwaka.

Basi tulipongeze bara zima la Ulaya, maana mzungu aliuliza, mswahili ndiye aliyefunga mlango!

Najua afisa ataniambia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ndiyo iliyotaja orodha hiyo. Ni kweli. Lakini sheria hiyo hiyo inasema angalau siku 4 za ruhusa yenye malipo. Imeweka kiwango cha chini, haikumkataza mwajiri kuwa na utu. Na Songea si Kibaha. Kutoka Dar ni siku nzima barabarani kwenda, nyingine kurudi. Huyo baba mdogo ndiye aliyemlipia ada mpaka kidato cha nne baada ya baba mzazi kufariki. Sasa ukoo mzima umekaa chini ya turubai, watu wanaulizana mtoto aliyesomeshwa na marehemu yuko wapi, nawe unataka awe mezani anajaza takwimu za robo mwaka? Mwili utakuwa ofisini, sawa. Kazi hutaipata.

Tena msiba wetu si kulia tu. Kuna kamati, michango, chakula cha wageni, kikao cha ukoo baada ya kuzika. Asipoonekana leo, siku akifiwa yeye watahesabiana nani aje. Meneja asiyelijua hili anadhani anaokoa siku tatu za kazi, kumbe anapoteza uaminifu wa idara nzima, kwa sababu kila aliyekaa pale amejiona yeye ndiye mfiwa ajaye.

Haya, nikiri kwa shingo upande: wapo wanaotumia vibaya. Tunaye mmoja aliyemzika bibi mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa Ijumaa. Mshughulikieni yeye.

Mafunzo ya uongozi wanayopelekwa hawa mabosi bado yanamtegemea Hofstede, mtafiti Mholanzi wa tamaduni za kazini aliyechambua majibu ya wafanyakazi wa kampuni ya kompyuta ya IBM kutoka nchi mbalimbali na kutoa kitabu 1980. Alifanya kazi kubwa, simnyimi. Ila Tanzania, Kenya, Zambia na Ethiopia zilitiwa kapu moja likaitwa Afrika Mashariki, likapewa alama moja kwa kila kipimo cha utamaduni. Kwa alama hizo meneja anajifunza kwamba sisi tunaogopa wakubwa. Hajifunzi kwamba akiingia asubuhi na kudai ripoti kabla ya salamu, ripoti itachelewa. Wala kwamba kikao kikinyamaza kimya, hakuna aliyekubaliana naye. Na si sisi tu wenye mambo: Walmart, wenye maduka makubwa ya Marekani, waliingia Ujerumani 1997 na mitindo yao ya Kimarekani, wakafunga virago 2006.

Bosi bora niliyewahi kufanya naye kazi alikuwa Mhindi ambaye Kiswahili chake kiliishia kwenye "pole sana". Alikuja msibani kwetu Mbagala, akakaa kwenye kiti cha plastiki, akatoa rambirambi, akala wali kwa mkono. Baada ya hapo mama yangu alikuwa ananigombeza mimi nikichelewa kazini.

Kuhusu fomu, ongezeni mstari mmoja: aliyenilea. Mtu ajaze jina mapema, siku anayoajiriwa, si siku anapolia. Afisa wetu atauliza nani atathibitisha. Mwenyekiti wa mtaa. Barua yake tunafungulia akaunti benki, itashindwa kumpeleka mtu Songea?