Mhusika Akipunguzwa Nguvu, Mchezaji Aambiwe Sababu

Baraza la jirani yetu hapa Wete huwa na michezo miwili kila baada ya sala ya alasiri. Upande mmoja wazee wanacheza bao, na upande wa pili vijana wa skuli wameinamia simu zao. Kwenye bao kila mtu ana komwe 32, kumi zimepangwa ubaoni na 22 ziko mkononi, mashimo yake 16 ni sawasawa na ya mwenzake, na kinachowatofautisha ni nani ataanza, basi. Kwenye simu mambo ni mengine. Huyu amechagua mhusika mwenye ngao, yule mwenye mbio, wa tatu anaponya wenzake, na mtu wasiyemjua, aliye mbali nao, ndiye anayeamua ngao idumu sekunde ngapi.

Mpwa wangu, aliye kidato cha tatu, alidunduliza pesa zake za matumizi kwa miezi miwili ili amnunue mhusika wa upanga aliyekuwa akimtamani, katika mchezo ambao si miongoni mwa nitakayoitaja hapa chini. Wiki tatu baadaye likaja toleo jipya. Pigo kubwa la mhusika yule likapunguzwa, muda wa kungojea kabla ya kulirudia ukarefushwa, na kijana kila akiingia vitani kwa mtindo aliouzoea akawa anatolewa mwanzo. Akaniuliza, "Mjomba, kwani mimi nimekosea nini?" Nilipolisoma tangazo la toleo hilo nilikuta mstari mmoja tu, unaosema kwamba wahusika kadhaa wamerekebishwa ili mchezo uwe na uwiano.

Sipingi wahusika kupunguzwa nguvu. Chrono, mhusika wa Free Fire, mchezo wa simu wa kupigana kwa bunduki, aliyetolewa mwishoni mwa mwaka 2020 kwa kumfuata Cristiano Ronaldo, alikuwa akijifunika kwa ngao na huku anaendelea kufyatua risasi kutoka ndani yake, na mhusika wa namna hiyo akiachwa, baada ya muda kila mtu atamchagua yeye na wengine watabaki mapambo. Mwaka 2021 alipozuiwa kuwashambulia walio nje ya ngao, nilisema wamefanya haki. Ninachodai ni kwamba mtengenezaji anapoamua jambo kama hilo aseme ameamua kwa ajili ya nani, kwa sababu uwiano wa wote kwa pamoja haupo.

Riot Games, kampuni yenye mchezo wa vita vya timu uitwao League of Legends, walilikubali hilo hadharani mwaka 2019 walipoeleza utaratibu wao. Waliwagawa wachezaji mafungu manne: wengi wa kawaida, asilimia 10 ya juu, asilimia 0.1 ya juu kabisa, na wale wanaolipwa kucheza kwenye ligi. Kila fungu lina kipimo chake. Kwa watu wa kawaida huangaliwa zaidi asilimia ya mechi anazoshinda mhusika, ilhali kwenye ligi huangaliwa ni mara ngapi timu zinamchagua au zinamfungia asichaguliwe. Mhusika akizidi katika fungu moja tu, hupunguzwa. Ili ahesabiwe dhaifu na kuongezewa nguvu, lazima awe dhaifu katika mafungu yote manne.

Tuangalie mizani hiyo inavyoelemea. Azir, mhusika wa mchezo huo anayepigana kwa askari wa mchanga, ni mgumu kumwendesha, lakini mikononi mwa mabingwa hupiga kutoka mbali na kuwasukuma maadui kwa ukuta, na timu yenye mawasiliano mazuri humfanya awe hatari. Kwa hiyo kwa miaka mingi alipendwa kwenye ligi huku mtu wa kawaida akishindwa naye zaidi ya kushinda, na kila alipopunguzwa kwa sababu ya mabingwa, aliyeumia zaidi ni kijana anayecheza nyumbani. Naona uamuzi huo una sababu yake, kwani mashindano yanayotazamwa na watu wengi hayawezi kuachwa yaharibike. Lakini angalau wameusema wazi, na kijana anayempenda Azir anajua kwamba hakukosea kitu.

Asilimia ya ushindi nayo hudanganya. Mhusika anayechezwa na watu wachache waliomzoea kwa miaka ataonekana ana nguvu kupita kiasi, kumbe nguvu ni ya mazoea yao. Na mhusika mpya ataonekana dhaifu wiki ya kwanza kwa kuwa kila mtu anajifunza. Mtengenezaji asiyetenganisha ustadi wa mchezaji na nguvu ya mhusika atamwadhibu mtu kwa bidii yake. Hapa kwetu kuna jambo jengine la kupima. Usiku, mtandao unapoelemewa, simu yangu huonyesha milisekunde zaidi ya 200 kutoka ninapogusa kioo mpaka seva, yaani kompyuta ya mbali inayouendesha mchezo, ijibu, na mhusika anayehitaji kukwepa kwa wakati wake hachezeki. Vijana wa barazani wanawachagua wale wenye mapigo mapana, yasiyohitaji shabaha ya haraka. Mapigo hayo yakipunguzwa kwa takwimu za watu wenye mtandao wa kasi, Pemba nzima inabaki na wahusika wawili watatu wa kutegemea.

Tena si kila kasoro hutibiwa kwa kupunguza namba. Katika Overwatch, mchezo mwengine wa vita vya timu, timu za watu sita ziliposhika mtindo wa walinzi watatu na waponyaji watatu, watengenezaji wake, Blizzard, waliwapunguza nguvu wahusika mmojammoja, na Brigitte akiwa wa kwanza kutajwa, lakini mtindo haukuondoka mpaka mwaka 2019 walipoweka sharti la walinzi wawili, waponyaji wawili na washambuliaji wawili. Ugonjwa ulikuwa katika muundo.

Kwa hiyo ombi langu kwa watengenezaji ni dogo mno kulinganisha na pesa wanazopokea: kila mhusika anayeguswa aandikiwe namba ya zamani, namba mpya, fungu la wachezaji lililosababisha, na mistari miwili ya maelezo. Ikiwezekana iwe kwa Kiswahili pia, maana sasa mimi ndiye mkalimani wa baraza zima.

Jumamosi iliyopita lilitoka toleo jengine, na mpwa wangu akaniletea simu kabla hajalipakua, bando likiwa limebaki kidogo. Tulilitafuta jina la mhusika wake katika tangazo refu la Kiingereza mpaka tukaliona: muda wa kungojea umetolewa kwenye sekunde 40, umewekwa 34. Safari hii wameandika namba. Tukaenda mpaka mwisho wa ukurasa kutafuta sababu, tusiione.