Springi au Alonso?
Nimesoma makala: eti springi ndiyo iliyommaliza Felipe Massa, dereva wa Ferrari kwenye mbio za magari za Formula 1, kwamba baada ya kupasuka fuvu hakuwa dereva yule tena? Hapo mwandishi anarahisisha mno. Ni kweli, Hungaria, Julai 2009, springi iliyochomoka kwenye gari la mshindani wake Barrichello ilimpiga juu ya jicho la kushoto, na ushindi wake wote 11 ni wa kabla ya siku ile. Sasa mbona mwaka mmoja kamili baadaye, 25 Julai 2010, alikuwa anaongoza mbio za Hockenheim, Ujerumani, mpaka redio ya Ferrari ikamwambia Alonso, mwenzake wa timu, ana kasi kumzidi, akampisha? Mimi naona amri ile ilimvunja kuliko springi. Ila sibishi kwamba kichwa kina mambo yake. Kaka yangu, dereva wa lori, aliumia kichwa. Vipimo vikatoka safi, akarudi kazini, lakini kwa miezi kadhaa taa za magari yanayokuja usiku zilimlazimu kupaki pembeni afumbe macho kwanza. Bosi wake aliita uvivu. Mliomfuatilia Massa hadi timu ya Williams, pole ile (nafasi ya mbele kabisa ya kuanzia mbio) ya Austria 2014 mnaielezaje?