Tulilipa Bei Kamili, Tunastahili Majibu

Kila nikilalamikia ukimya wa watengenezaji wanaouza gemu ambazo hazijakamilika, natajiwa Baldur's Gate 3. Wachezaji walivumilia, naambiwa, na mwaka 2023 ikatwaa tuzo ya gemu bora. Mvumilivu hula mbivu, basi yaishe. Mimi sikubali yaishe.

Larian, studio iliyoitengeneza, walipofungua toleo la awali, yaani gemu ikiuzwa kabla haijakamilika, tarehe 6 Oktoba 2020, bei ilikuwa dola 60, bei ya gemu iliyokamilika. Ndani kulikuwa na sura ya kwanza tu, na mhusika akifika ngazi ya 4 amegota hapo. Apdeti kubwa ikiingia, sevu za zamani, yaani hatua ulizohifadhi, hazifai tena. Kwa hayo sina ugomvi, kwa sababu walionya mapema na aliyenunua alinunua akijua.

Kinachoniuma ni mazungumzo ya upande mmoja. Walituona vizuri mno! Siku chache tu baada ya kufungua, walijumlisha wahusika tuliowatengeneza, wakatutania hadharani: tumewapa pembe, mikia na macho ya kishetani, nanyi mmetengeneza sura ya mtu wa kawaida kabisa. Studio inayojua tumechagua nywele gani haishindwi kujua tunalalamikia nini. Chukua suala la kumwachia mchezaji aamue mwenyewe, adui anapofanya jambo, kama ajibu au ajizuie. Ndivyo Dungeons & Dragons, mchezo ambao gemu hii inafuata sheria zake, inavyochezwa mezani, na watu waliliomba tangu mwanzo, kwa hoja na mifano. Mfumo kamili ulifika Desemba 2022. Miaka miwili! Katikati hapo tulibaki kuchambua kila onyesho la Larian, mkuu wao Swen Vincke akitokea amevaa deraya, tukisaka dalili kwamba tumesikika.

Haya, nakubali kwamba kuahidi tarehe ni hatari. Ikipita, kuna wachezaji wanaotukana watu hadi aibu inatushika sote. Lakini studio ya Supergiant, walioanza kuuza gemu yao Hades ikiwa haijakamilika Desemba 2018, waliweka kwenye menyu kuu saa inayohesabu muda uliobaki hadi apdeti kubwa ijayo. Ukifungua gemu, unajua.

Wala si lazima iwe saa. Anayeuza gemu isiyokamilika aandike kila mwezi mistari michache: hili tumelisoma, hili tunalifanyia kazi, hili hatutalifanya kwa sababu hii. Hata "hapana" tutaipokea, na mtu ataamua kama aendelee kusubiri au akacheze kitu kingine.