Samahani Mzee, Ni Ukaguzi Tu

Sabuni bado imo sikioni. Mke wangu anasema niiache, itakauka yenyewe. Sawa, ikauke. Lakini kabla haijakauka naomba ieleweke kwamba mtu mzima mwenye wajukuu ametolewa bafuni hotelini asubuhi ya leo, mwezi Juni, hapa Dodoma, ili watu wahakikishe hajaficha pasi ya umeme chini ya kitanda.

Juni ya Dodoma mnaijua, baridi na upepo mkavu, siielezi. Asiyeijua aangalie midomo ya wanaotoka huko. Na Bunge la Bajeti nalo mnajua linavyozifanya bei za vyumba. Chumba kilekile, neti ileile yenye tundu lilelile, lakini msimu huu kinaitwa VIP.

Kijiweni kwetu Mbagala nilipoaga kwamba nakwenda Dodoma likizo, mmoja akaniuliza nafuatilia faili gani. Mwingine akanipa na la kwake nimsaidie. Hakuna anayeamini kwamba mtu anaweza kwenda Dodoma kwa hiari, na suti ameiacha nyumbani. Mimi nilitaka kupumzika tu. Nile zabibu, nifike Kondoa nikaone michoro ya kale ya miambani pale Kolo, nilale mchana bila kuulizwa. Zabibu nimeambiwa za Machi zimekwisha na za Agosti bado. Haya.

Ukaguzi wenyewe ulianzia Dar, stesheni ya treni ya SGR. Begi likapita kwenye mashine, nami nikapita. Hapo sina neno. Shughuli ni kwenye geti la hoteli, ambayo sitaitaja jina kwa sababu bado nimelala humo.

Tulifika na bajaji. Mlinzi akatoa kile kioo cha mviringo chenye mpini mrefu, cha kukagulia uvungu wa magari, akakisukuma chini ya bajaji. Bajaji! Dereva wake naye akainama kuangalia, maana hata yeye alikuwa hajawahi kupaona. Kisha kikaja kidude cha kupapasia. Kikalia kwenye mkanda, kikalia kwenye funguo, kikalia kwenye goti langu la kushoto, goti la kuzaliwa nalo, halina chuma. Kila kikilia, afande ananiambia, "Pita tu, mzee." Sasa kama ni pita tu, si tungeanzia hapo?

Mapokezi kuna daftari la wageni. Jina, umri, kabila, kazi, unakotoka, unakokwenda, namba ya kitambulisho, simu, saini. Limelala wazi juu ya kaunta, na peni yake imefungwa kamba isiibiwe. Peni ndiyo yenye ulinzi. Kabla sijafika kwenye mstari wangu nilishajua kwamba aliyenitangulia anauza alizeti, ametoka Singida, na yule "ndugu" aliyelala naye chumba kimoja hakuandikiwa kabila wala kazi. Mke wangu alisoma zaidi yangu, alifungua hadi ukurasa wa nyuma. Nikamwambia dada wa mapokezi kwa upole kwamba nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na imeanza kutumika Mei 2023. Akanisikiliza vizuri sana. Akasema, "Sawa baba. Na kabila?"

Akataka pia kujua huyu niliyenaye ni nani, na kama tuna cheti cha ndoa. Mke wangu akamtazama. Hakusema kitu, alimtazama tu. Dada akasema, "Shikamoo mama," na suala la cheti likafia hapo.

Sasa la leo.

Mlangoni nilitundika kadi. Upande mmoja imeandikwa USINISUMBUE, upande wa pili TAFADHALI SAFISHA CHUMBA. Niliweka upande wa kwanza kwa mkono wangu, mke wangu ni shahidi. Ila korido ya hoteli hii iko wazi pande zote mbili, na upepo wa Dodoma haujui kusoma. Mke akaenda kuwahi chai, kwa sababu anayechelewa hapa mayai anayasikia kwa wenzake. Hita ya bafuni inavuma bila kuchemsha, kwa hiyo kijana wa jikoni alikuwa ameniletea ndoo ya maji ya moto, na maji yale yalikuwa yanapoa huku nayatazama. Nikaharakisha. Sabuni mwili mzima, macho nimefumba.

Ngo ngo ngo.

"Nani?"

"Ukaguzi."

"Naoga!"

"Sawa mzee, hatutachelewa."

Mlango huo komeo lake la ndani limebaki matundu ya skrubu tu, kwa hiyo nilisikia wanaingia kabla sijamaliza kukataa. Nikapapasa taulo. Moja walilichukua jana kufua. La pili mke wangu amelianika nje, hayaamini mataulo ya hoteli mpaka yapigwe jua. Kilichobaki kwenye msumari ni kanga yake, ile ya MTASEMA MCHANA USIKU MTALALA. Nikajifunga. Nikatoka.

Chumbani kulikuwa na kikao. Afande yule wa kioo. Binti wa usafi, ana ubao wa kuandikia na karatasi. Fundi mmoja aliyekuwa anatazama dari, mpaka sasa sijui aliitwa na nani. Na meneja mwenyewe, tai shingoni, anaongea na simu, akaniinulia kidole nisubiri. Nisubiri! Chumbani kwangu!

"Shikamoo baba," binti akasema, na goti akakunja kidogo, mtoto amelelewa.

Ungefanyaje? Salamu ni deni. "Marahaba mwanangu, hujambo? Nyumbani hawajambo?" Povu linashuka shingoni, mkono wa kulia umeshika fundo la kanga, nami nauliza habari za nyumbani. Akasema hawajambo, ila mama miguu inamsumbua. Nikampa pole. Nikamwuliza kama amempeleka hospitali. Afande akatungoja tumalize, kisha akauliza kama humu ndani kuna mtu mwingine.

"Hakuna."

"Daftari linaonyesha wawili."

"Mwenzangu yuko kwenye chai."

"Chai ya hapahapa?"

"Ya hapahapa, afande."

Akamgeukia binti. "Andika, mmoja yuko chai."

Hesabu ikaanza. Taulo kubwa, mbili. Nikaeleza moja wanalo wao tangu jana. Binti akasema kwa huzuni kwamba hilo lipo kwenye karatasi ya jana, na hii ni ya leo. Glasi, ipo. Blanketi, lipo. Rimoti ipo, betri haina, lakini betri hawahesabu. Kandambili za hoteli, jozi mbili. Jozi moja nilikuwa nimevaa, ikabidi niinue mguu waone. Afande akainama aone vizuri zaidi. Mtu mzima nimesimama kwa mguu mmoja kwenye vigae vilivyoloa, nashikilia kanga, na wanalinganisha namba iliyochorwa kwa maka penini kwenye kandambili na namba ya chumba!

Meneja akamaliza simu. Akanitazama kuanzia juu. "Hiyo kanga ni ya hoteli?"

Sikujibu. Akasogea, akasoma maandishi polepole, midomo inacheza. Akaamua si ya hoteli.

Afande akapiga magoti, akawasha tochi ya simu, akaingiza kichwa uvunguni. Akakaa huko muda. Alipotoka alikuwa ameshika soksi moja kwa ncha za vidole, nyeusi, imeota vumbi.

"Mzee, hii ni ya nani?"

"Si yangu."

"Imekutwa chumbani kwako."

Binti akapekua karatasi. Soksi haimo. Nikauliza, bado kwa heshima, kama chumba hiki hukaguliwa kila siku kwa ajili ya usalama, soksi hii imeishije humo mpaka ikaota vumbi kiasi hicho? Kimya. Wakatazamana. Fundi akafungua mdomo kwa mara ya kwanza: "Labda imeletwa na panya."

Basi, panya akaandikwa.

Kisha meneja akasema na begi tulifungue mara moja. Hapo heshima ikaniishia. Nikasema begi hapana. Nikamwambia ibara ya 16 ya Katiba inampa kila mtu hifadhi ya nafsi yake, maisha yake binafsi na maskani yake. Akasema maskani yangu ni Mbagala, chumba ni cha kampuni. Nikamwambia kadi mlangoni inasema usinisumbue. Akaenda kuitazama, akairudisha ndani kama kidhibiti. Inasema safisha chumba. Na hata ingesema usinisumbue, mzee, sisi tunafuata viwango vya kimataifa.

Akanipa darasa la Las Vegas. Kwamba tarehe 1 Oktoba 2017 mgeni mmoja, akiwa ghorofa ya 32 ya hoteli, aliwamiminia risasi watu waliokuwa kwenye tamasha la muziki chini, na bunduki zenyewe alikuwa amezipandisha kwa mabegi siku kadhaa, hakuna aliyeuliza. Kwamba tangu hapo hoteli nyingi za Marekani hazikubali tena mgeni ajifungie siku nzima bila kuangaliwa. Ni kweli, nimeshasoma. Hata baadhi ya hoteli za Disney kule Florida ziliondoa kadi ya kuzuia usumbufu, zikaweka inayosema tu chumba kina mtu. Lakini asichonisimulia ni kwamba mwaka uliofuata, kwenye mkutano mkubwa wa wadukuzi wa kompyuta, DEF CON, hukohuko Las Vegas, wageni walilalamika sana walinzi kuingia vyumbani mwao. Mgeni anabisha, kumbe si sisi tu.

Nikamwambia, ndugu meneja, hoteli yako haina hata ngazi. Ukifungua dirisha langu unaonana uso kwa uso na kuku. Ghorofa ya 32 iko wapi?

"Ni kanuni, mzee."

Na msinielewe vibaya, sipingi ulinzi. Januari 2019 pale Nairobi, kwenye hoteli ya DusitD2, watu 21 waliuawa. Baada ya hapo nani atagoma kupapaswa getini? Nipapaseni! Lakini basi kidude kikilia mtu aulizwe kimelia nini. Mnaniambia pita tu na vyuma vyangu mfukoni, halafu mnanifuata bafuni kuhesabu kandambili? Huo mnaouita usalama ni wa mto na blanketi. Mto unalindwa dhidi yangu, glasi inalindwa dhidi yangu, na mimi nalindwa na nani? Usiku naegemeza kiti mlangoni, kiti chenyewe kina miguu mitatu mizima. Ninyi mna funguo, binti ana funguo, yule kijana wa ndoo ana funguo. Nikamwonyesha meneja yale matundu ya skrubu. Nikaweka na kidole. Sauti ilikuwa imepanda, mgeni wa chumba cha jirani akachungulia, nadhani ndiye yule wa alizeti.

Meneja akamtazama fundi. Fundi akasema komeo lipo kwenye mpango.

Begi hawakulifungua. Waliondoka na soksi. Maji ya ndoo yalikuwa yameshapoa kabisa, nikajimwagia hivyohivyo, ndiyo maana sabuni ya sikioni haikutoka.

Tena usiniulize juu ya kamera za siri. Mpwa wangu alimpigia simu mke wangu akamtia hofu, eti tuzime taa tumulike kila pembe kwa tochi ya simu. Tukazima. Tukaona kijitaa chekundu kinatutazama, mke wangu akakitundikia kofia yangu, tukalala tumejifunika gubigubi na nguo zetu zote. Kulipokucha ni king'amuzi. Afande aliiona kofia ile juu ya king'amuzi, nayo iliandikwa.

Kolo tutakwenda kesho, Mungu akipenda. Michoro ile imeingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, na waliochora waliishi miambani bila mlango wa aina yoyote, na hakuna ushahidi kwamba walihesabiwa chochote.

Mke wangu anataka tukirudi kutoka Kondoa tuhamie kwa binamu yake Nkuhungu, hapahapa Dodoma, kule ni bure. Bure! Kule chumba kina pazia badala ya mlango, na begi lako halisubiri afande. Unaliweka tu chini, watoto wameshafika kwenye zipu ya ndani, "Babu, hii ni ya nani?" Bibi yao anawasha redio kabla jua halijatoka, anaizima akishasahau kwamba ameiwasha. Na huwezi kwenda mikono mitupu. Sukari, mchele, mafuta ya kupikia lita kadhaa, na mkate. Mkate wenyewe siku hizi mmeuona? Umejaa hewa, ukiubana unabaki ukubwa wa mche wa sabuni, na bei haijashuka hata shilingi. Na shemeji yule mkate wa Dodoma hali, eti mkavu. Anataka wa Dar. Mkate wa Dar nautoa wapi Nkuhungu?